Mume wa Wegesa na Injini ya Gari Jekundu

Habari hii nilipewa na Kuruthumu wa Tarime mjini, mwaka ule sabuni ziliporudi madukani. Tulikuwa uani kwake tunafua. Tulifua hata visivyo vichafu, kwa raha tu ya kuona povu. Bushiri ninayemwandika hapa alikuwa kaka yake, tumbo moja ziwa moja, na mambo haya alimsimulia mwenyewe, kipande leo kipande kesho, kila alipowekewa chai. Kwa hiyo kama humu mna uongo, ni uongo wa ukoo wao. Mimi nimeupokea ulivyo, nikausuuza kidogo tu.

Bushiri Athuman alitoka Tabora akaja kukaa kwa dada yake, mkononi ana shati moja zuri na kikapu cha spana. Shati lilikuwa lake. Kuhusu spana, tusiulizane. Alivaa saa iliyokufa zamani, lakini aliitazama kila baada ya maneno machache na kutikisa kichwa, kama mtu anayesubiriwa na mawaziri. Ukimwuliza kazi yake hakusema fundi. Fundi ni jina la watu wenye grisi kwenye kucha. Yeye alikuwa "mtaalamu wa mitambo," na kucha zake zilikuwa safi kabisa, maana grisi yote ilikaa kwenye kucha za Nashoni.

Huyu Nashoni alikuwa mtu mzima, Mkurya mwenye mabega kama mlango wa ghala, mpole, na Msabato wa kweli. Jumamosi hakugusa spana hata ungemwahidi mbingu, kwa kuwa mbingu alikuwa ameshaahidiwa kwa njia nyingine. Siku zilizobaki Nashoni alifanya kazi yote na Bushiri alifanya maneno yote. Mapato waligawana kwa haki. Bushiri alichukua mapato, Nashoni akachukua uzoefu.

Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani Kagera. Magari yaliyokwenda vita yalirudi yanachechemea, na yale ambayo hayakwenda yalichechemea kwa kuyaonea huruma wenzao. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu, safi, zilizopigwa rangi, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa kiwiko cha muuzaji. Petroli ilipimwa kama dawa ya macho. Tena kulikuwa na amri: Jumapili ikigonga saa nane mchana, gari la mtu binafsi lisionekane barabarani mpaka Jumatatu. Tuliujenga uchumi kwa namna hiyo, na uchumi, kama mjuavyo, ukanenepa sana.

Katika dhiki hizo zote, Bushiri alikuwa na dhiki yake mwenyewe, na jina lake ni Mwanamvua. Binti yule alikuwa wa Mzee Abdurahmani, mshonaji wa pale sokoni Tarime. Mwanamvua alikuwa tayari. Mzee hakuwa tayari.

"Wewe kijana," mzee alimwambia, sindano mdomoni, "simwozi binti yangu kwa mtu anayebebwa kwenye baiskeli na mtu mwingine. Njoo na gari lako, hata kama ni bovu, tutazungumza. Idi ikipita hujaja, yupo mwenye duka kule Musoma anayeuliza uliza."

Idi haikuwa mbali. Ndipo Bushiri akaenda Sirari kwa Machage, mtu wa mpakani aliyekuwa na mguu mmoja Tanzania na mfuko mmoja Kenya. Machage alikuwa na pikapu nzuri ya Pijo, na alikuwa na mpwa ng'ambo aliyekuwa kichaa wa magari ya mashindano. "Niletee injini ya gari la mashindano," Machage akasema, "ile yenye kabureta mbili, nzima. Ukiileta, pikapu ni yako, oa mpaka uchoke."

Kumwambia mtu hivyo katika wilaya ambayo hata skrubu ya baiskeli ilikuwa inaombewa dua ni sawa na kumfukuza kwa adabu. Bushiri alijua. Lakini aliendelea kutazama.

*

Siku moja walikuwa wanatoka Nyambureti kutengeneza redio ya mtu, Nashoni anakanyaga pedeli, Bushiri amekaa nyuma kwenye keria, miguu amening'iniza. Wakaingia Ringwani.

"Nashoni, simama."

"Kuna nini?"

"Nimesikia harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya harusi yangu. Simama, bwana!"

Kando ya boma la ng'ombe palikuwa na kibanda cha nyasi, na chini yake gari. Siyo gari kama haya yetu. Lilikuwa la viti viwili na milango miwili, fupi kama mbuzi aliyelala, pua ndefu, jekundu la zamani lililogeuka rangi ya ini. Mzungu mmoja wa dhahabu aliondoka nalo mgodini kwa hasira, likamzimikia hapo, naye akalibadilisha kwa mafahali wa boma lile, akawauza mafahali mnadani Mugumu akapata nauli ya kwao. Tangu hapo kuku walilala ndani, na majirani waliliita Hoteli ya Kuku, na boma lile lilikuwa na majirani wengi wenye kupenda kucheka.

Bushiri akafunua boneti. Katikati ya kabureta mbili, zilizokaa kama mapacha, alikuwepo tetea ameatamia. Tetea akamdonoa. Bushiri hakuhisi kitu.

"Subhanallah," alisema polepole. "Nashoni, nishike, nitaanguka."

Mwanamke kijana akatoka nyumbani, ndoo kichwani. Huyo ndiye Wegesa. Mlangoni, juu ya ngozi ya ng'ombe, alikuwa amekaa bibi kizee anapukuchua maharage, jina lake Mokami, shanga shingoni, kiko cha tumbaku mdomoni. Bushiri, mtoto wa watu mwenye adabu, akamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akamtazama, akatoa moshi, akasema maneno mawili matatu ya Kikurya, akarudi kwenye maharage yake.

"Hajui Kiswahili huyu," Bushiri akamnong'oneza Nashoni, kwa sauti ambayo ng'ombe waliisikia. Kisha akamgeukia Wegesa na kukunjua uso wote. "Dada yangu, gari hili ni la nani?"

"La mume wangu."

"Yuko wapi bwana mkubwa tumpe salamu?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Si yupo hapa hapa."

Bushiri akachungulia ndani ya nyumba, akaona giza, akaelewa alichotaka kuelewa: mume amelewa, amelala. Aina ya mume aliyoipenda kuliko zote.

"Basi usimsumbue, apumzike. Mimi ni mtaalamu wa mitambo. Dada, injini hii imekufa. Siyo kuugua, kufa. Angalia, hata kuku anajua, ndiyo maana anaatamia, hapana moto humu tena. Lakini mimi ninayo injini nyingine, mpya, nitawafungia hapa hapa nyumbani, bure."

"Bure?"

"Bure, dada. Si tunaambiwa tusaidiane? Nitachukua tu hili chuma chakavu nikawape watu wa kufua majembe."

Wegesa akasema kitu kwa Kikurya kwa bibi. Bibi akajibu bila kuinua kichwa. Wegesa akasema, "Mume wangu atafikiri," akashika njia ya kisimani.

Sasa hapa ndipo Bushiri alipofanya kosa ambalo kwa mtu wa Tabora linasameheka, na kwa mtu wa Tarime haliwezekani. Alikaa kwenye gogo, mbele ya bibi, karibu kabisa, umbali wa mkono, akamweleza Nashoni mpango wote toka mkia mpaka pembe.

"Injini hii ni nzima kama mimi na wewe. Panya wamekula waya wa koili, basi. Ukiweka waya mwingine na betri na petroli kidogo, inalia leo leo. Hii ndiyo ya Machage! Sisi tutaleta ile injini iliyokufa ya pikapu iliyokuwa ikibeba pamba. Tunaijaza oili nzito ya trekta na unga wa mbao. Itanguruma vizuri, itapanda na kushuka, watashangilia. Unga ukishaanza kuungua, kwaheri. Lakini wakati huo mimi na wewe tunakunywa soda Sirari."

"Bwana Bushiri," Nashoni akasema, akikuna kisogo, "huyu bibi unamjua?"

"Nimjue wa nini? Ni mama mkwe."

"Siyo mama mkwe. Huyu ndiye..."

"Nashoni! Nimekuuliza habari za ukoo? Kazi yako ni spana. Mambo ya akili niachie."

Nashoni akafunga mdomo. Baadaye alisema dhamiri yake ilimsuta kidogo kwa kunyamaza, lakini si sana, maana alikuwa ameambiwa aache mambo ya akili, na yeye ni mtu mtii.

Wasomaji wa kwetu wameshaanza kucheka, na wa mbali wananitazama. Niwaeleze. Kwa Wakurya, mama aliyejaliwa ng'ombe asijaliwe mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa mahari, ng'ombe wanahesabiwa mbele ya watu, anamleta mke nyumbani, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina lake. Nyumba ntobu, ndivyo inavyoitwa. Wegesa aliolewa hivyo. Kwa hiyo Wegesa alipomwambia Bushiri kwamba gari ni la mumewe, na kwamba mumewe yupo hapo hapo, alisema kweli tupu. Mumewe alikuwa anapukuchua maharage.

Na Kiswahili, Mokami alikijua toka ujana. Aliwapikia wachimba dhahabu miaka mingi, watu wa kila kabila, wanaotukana kwa lugha moja tu. Kumjibu mtu kwa Kikurya lilikuwa jambo la mapumziko.

Wegesa aliporudi na maji, bibi akamwambia neno moja. Wegesa akaja akasema, "Mume wangu amekubali. Njooni na injini yenu."

"Mume mwenye hekima!" Bushiri akasema. "Tutakuja Jumamosi."

"Jumamosi mimi sipo," Nashoni akasema.

"Jumapili basi," Bushiri akasema, akimtazama Nashoni kwa jicho la kumla. "Asubuhi na mapema. Saa sita tumemaliza."

*

Jumapili wakafika na pikapu ya Machage, aliyewaazima kwa sharti kwamba irudi na injini, la sivyo wao wasirudi kabisa. Mgongoni mwa pikapu alikuwemo marehemu wa pamba, ile injini mbovu, amepakwa rangi ya fedha, amesheheni unga wa mbao na oili nzito kama asali, anang'aa kama bibi harusi. Pale njia panda ya kuingia Ringwani walipita kizuizi cha Mwikwabe, mgambo, mtu aliyeipenda amri ya saa nane kuliko alivyowapenda wanawe. Mwikwabe akawapungia rungu. "Mpite sasa," akasema. "Saa nane nitawajua."

Bomani walikuta vijana wa jirani wameshasimamisha miti mitatu na kufunga juu yake mnyororo wa plau. Bibi Mokami alikuwa pale pale mlangoni, leo anachambua mtama.

"Shikamoo, bibi yetu," Bushiri akasema, akacheka mwenyewe. Kisha kwa Wegesa: "Mume yuko?"

"Yuko."

"Amelala?"

"Hapana. Anawaangalia."

Bushiri akatazama madirisha, akapunga mkono kwa heshima dirishani, ambako palikuwa na mbuzi.

Kazi ikaanza. Nashoni akalala chini ya gari akafungua. Tetea alihamishwa kwa kelele kubwa, yeye na mayai yake, akaapa kulipiza. Vijana wakavuta mnyororo, injini ikapaa polepole, ikining'inia na majani makavu na manyoya, ikashushwa juu ya ngozi. Bushiri alisimama kando na fimbo akiongoza. "Kulia! Si kulia kwako, kulia kwangu! Taratibu, hicho ni kitu cha kisayansi!" Vijana hawakumwelewa nusu, lakini walimfurahia.

Yule marehemu wa pamba hakutaka kukaa. Matundu ya kufungia hayakulingana. Nashoni akatoboa mengine, akapachika kabari za mti, akatazama mbinguni, akakaza. Bushiri akaondoa betri kwenye pikapu akaiweka kwenye gari jekundu, akamimina na petroli kidogo ya pikapu, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanguruma nzito na laini kama paka aliyeshiba. Vijana wakaruka. Wegesa akapiga vigelegele. Hata bibi akatoa kiko mdomoni.

"Mmeona!" Bushiri akasema, akaizima upesi sana. "Zawadi kutoka kwangu. Sasa tupakie chakavu chetu, turudishe betri, twende zetu."

"Haiwezekani," Wegesa akasema.

"Haiwezekani nini?"

"Mume wangu ameshachinja mbuzi. Fundi hatoki kwenye boma hili na njaa. Ataaibika."

Bushiri akatazama saa yake iliyokufa. "Dada, tuna haraka."

"Ukiondoka bila kula, vijana hawa watajiuliza umekimbia nini."

Bushiri akawatazama vijana. Walikuwa wamekaa kivulini na marungu yao, wema kabisa, wakitabasamu. Akakaa.

Mbuzi wa Mokami siku ile alikuwa hana haraka na maisha. Alichunwa polepole, akaoshwa, akachemshwa kwa kuni mbichi. Ugali ukasongwa, ukaonekana mdogo, ukasongwa mwingine. Kila Bushiri aliponyanyuka, Wegesa alimletea kitu: maziwa ya kibuyu, kipande cha ini, kigoda kizuri zaidi. "Na mume hali na sisi?" Bushiri akauliza. "Atakula," Wegesa akasema. "Anasubiri wageni washibe." Hatimaye nyama ilipofika ilikuwa tamu mno kuachwa, na Bushiri akasahau kidogo. Ndipo redio ya jirani, kwa sauti ile nzito ya wenye serikali, ikapiga pi, pi, pi: saa nane kamili mchana.

Bushiri akainuka. Kule njia panda akamwona Mwikwabe anavuta mti wake kuufunga barabara, kwa upendo.

"Basi tumelala," Nashoni akasema, akichukua mfupa mwingine.

"Hatulali! Hawa wasiwashe hiyo injini tena leo! Ikiwaka itakufa mbele yetu!"

"Sema polepole, bwana Bushiri."

"Niseme polepole kwa ajili ya nani? Bibi huyu?"

Bibi huyu alikuwa amesimama. Alijifuta unga mikononi, akatembea mpaka kwenye gari jekundu, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akakunja shuka vizuri miguuni.

"Njoo, fundi," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Bushiri. "Nizungushe."

Bushiri akameza tonge bila kulitafuna.

"Wegesa," akasema, "bibi... mama mkwe wako... anajua Kiswahili?"

"Mama mkwe wangu wapi?" Wegesa akasema. "Huyo ni mume wangu. Nilikuambia yupo."

Bushiri akamtazama Nashoni.

"Nilitaka kukuambia," Nashoni akasema. "Ukasema ni mambo ya akili."

"Njoo, mwanangu," bibi akarudia. "Gari ni langu, na petroli ni ya pikapu yako."

"Lakini bibi, leo Jumapili, saa nane imepita, amri..."

"Amri ni ya barabarani. Hapa ni uwanja wangu wa ng'ombe. Nani kaniwekea amri ya kuzunguka ng'ombe wangu?"

Akaingia. Angefanya nini? Akawasha. Marehemu wa pamba akanguruma, na gari jekundu, mara ya kwanza tangu Mzungu aondoke, likajongea. Vijana wakakimbia nyuma. Majirani waliokuwa wakiliita Hoteli ya Kuku wakajaa kwenye uzio, hakuna anayecheka. Wakazunguka boma, wakapita mbele ya kisima, wakarudi. Bibi alitazama mbele kama mkuu wa wilaya.

"Tena," akasema.

Wakazunguka tena. Harufu ikaanza, nyembamba, kama karanga zinazokaangwa na mtu aliyezisahau.

"Fundi," bibi akasema kwa upole, bila kugeuka, "unga wa mbao huanza kuungua baada ya muda gani?"

Usukani ukateleza mikononi mwa Bushiri. Wakakosakosa mtungi.

"Bibi, mimi..."

"Tazama mbele. Nilikusikia vizuri siku ile. Waya wa koili umeliwa na panya, injini ni nzima kama mimi na wewe. Miaka yote nimewauliza mafundi wa Mugumu, kila mmoja ananiambia imekufa, wengine wakadai ada ya kuniambia. Wewe ukaja ukaniambia bure, ukiwa umekaa kwenye gogo langu. Mungu akubariki."

Chini ya boneti kitu kikaanza kugonga. Moshi wa bluu ukafumuka, na gari likafika mbele ya vijana na marungu yao, likakohoa, likafa. Vijana wakalizunguka, wakasema kwa Kikurya maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani.

"Wanauliza kuna nini," bibi akasema. "Vijana hawa Kiswahili chao ni kidogo. Yale uliyosema kwenye gogo, neno kwa neno, naweza kuwatafsiria. Au naweza nisitafsiri. Sasa hivi sijaamua."

Kuruthumu aliniambia kaka yake, mpaka mwaka ule wa sabuni, akikumbuka neno "nisitafsiri" alijikuna shingo.

"Bibi," Bushiri akasema, "ukiamua usitafsiri, injini yako itakuwa humu kabla jua halijazama."

"Na wewe mwenyewe utashika spana."

"Mimi?"

"Kwani mkono wako una nini?"

Alishika. Alilala chini ya gari, kwenye samadi, shati zuri na yote, na Nashoni akasimama kando na fimbo. "Kulia," Nashoni akasema. "Si kulia kwako, bwana Bushiri. Kulia kwangu." Vijana walivuta mnyororo wakiimba. Marehemu wa pamba akatolewa akitiririka oili iliyopikwa, akarudishwa mgongoni mwa pikapu, injini ya Mzungu ikarudi nyumbani kwake. Kazi iliyochukua asubuhi nzima ikafanyika kwa kasi ambayo hakuna mpango wa maendeleo wa miaka yote ile uliowahi kuifikia.

Ukabaki waya wa koili, maana ule wa marehemu wa pamba ulikuwa umeungua pamoja naye.

"Waya hatuna," Bushiri akasema kwa matumaini. "Mpaka niende Tarime kuutafuta."

"Pikapu yako ina koili?" bibi akauliza.

"Bibi, pikapu si yangu! Ni ya Machage!"

"Sijakuuliza ya nani. Mbona wewe hukuniuliza injini hii ni ya nani? Uliambiwa ya mume wa Wegesa, ukapunga mkono kwa mbuzi."

Waya ukatoka kwenye pikapu. Betri haikurudi, maana ilikuwa imeshakaa vizuri. Petroli ikanyonywa kwa mpira mpaka tone la mwisho, na aliyenyonya ni mtaalamu wa mitambo. Bibi akaketi tena, Nashoni akapewa usukani, ufunguo ukageuka. Injini ile haikunguruma kama paka. Ilipiga ukelele, ikalia kama kitu kilichofungiwa miaka mingi na sasa kinadai maelezo. Kuku wote wa Ringwani wakapanda miti. Gari likaruka, likazunguka boma kabla majirani hawajafunga midomo, na Mwikwabe kule njia panda akainua rungu, akaona liko ndani ya uzio, akalishusha kwa uchungu.

Walipotulia, bibi akamwuliza Nashoni kitu kwa Kikurya. Nashoni akafikiri, akasema, "Isipokuwa Jumamosi." Bibi akakubali. Hivyo Nashoni akaajiriwa kuwa dereva, na mshahara wake wa kwanza, mtamba mwekundu mwenye doa, akafunguliwa zizini palepale akaonyeshwa. Bushiri alitazama miaka yake ya kumfundisha Nashoni uzoefu ikiondoka na kamba shingoni.

*

Jua lilizama. Mafuta ya taa hayakuwepo, kwa hiyo watu walilala pamoja na kuku. Bushiri hakuwa na pa kwenda: pikapu haikuwa na betri, haikuwa na waya, haikuwa na petroli, na Machage angekuja kesho kuitafuta, akiwa na maswali. Akapanda mgongoni mwa pikapu, kando ya marehemu wa pamba, akajifunika ngozi aliyopewa na Wegesa.

Bibi Mokami akaja kufunga lango la boma kwa miiba. Akasimama kando ya pikapu.

"Mura," akamwita, kama wanavyowaita vijana wao. "Injini ile uliitakia nini hasa?"

Bushiri alikuwa amechoka kudanganya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, na leo hakulipwa.

"Nilitaka kuoa, bibi. Mzee wa binti hataki mtu asiye na gari. Idi ikipita, anaozwa kwingine. Sasa imekwisha."

 Bibi akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, mpaka shanga zikalia.

"Mimi nimeoa," akasema, "sina hata baiskeli."

Akaenda ndani akicheka, na baada ya muda mfupi akakoroma. Wegesa akazima moto wa jikoni, akamlaza mwanawe mchanga, akalala. Nashoni alipiga magoti kando ya zizi, akamshukuru Mungu kwa mtamba, akalala hapo hapo amemshika kamba.

Bushiri akabaki macho peke yake, akiwapitia mmoja mmoja waliomo bomani. Bibi ameoa. Wegesa ameolewa. Nashoni ana mke kwao Nyamongo na sasa ana ng'ombe wa kumpelekea. Jogoo, tusizungumze. Akavuta ngozi mpaka kidevuni, akageukia upande wa injini mbovu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na ilikuwa bado na joto kidogo, akalala.